Chaguo ni la Mtoto, Mipaka ni ya Mzazi: Mwongozo wa Shughuli za Nje ya Darasa kwa Familia za Mombasa

Muhula unapofunguliwa, fomu ya klabu huja nyumbani pamoja na orodha ya vitabu, na wazazi wengi huijaza wenyewe usiku uo huo: mpira kwa kijana, kwaya kwa binti, ada imelipwa, basi. Muhula haujafika kati, mtoto anaumwa na tumbo kila siku ya mazoezi, na mzazi analalamika kuwa watoto wa siku hizi hawana subira. Nimesimamia klabu za watoto hapa Mombasa kwa muda mrefu, na mara nyingi mtoto wa namna hiyo hana upungufu wowote wa subira. Amepelekwa tu mahali ambapo hakupachagua.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kuchagua shughuli ni kazi ya mtoto. Kuweka mipaka ya muda, pesa na usalama ni kazi ya mzazi. Mzazi akishika zote mbili, mtoto anatumikia ndoto ya mtu mwingine. Akiziachia zote mbili, mtoto anabaki bila mlinzi. Hatua zinazofuata zinafaa familia yenye mtoto wa miaka 7 hadi 15 hivi, awe anakaa Likoni, Kisauni, Changamwe au kisiwani.

Hatua ya 1: Mtazame kabla ya kumuuliza

Chukua wiki mbili, umtazame bila kumwambia. Usitazame anachokifanya akiwa na simu mkononi, kwa kuwa simu humvuta kila mtoto. Tazama anachokifanya akichoka kukaa bure. Kuna anayepiga danadana ukutani mpaka jirani agombe. Kuna binti ambaye shangazi zake wanapopakana hina kabla ya harusi, yeye hana habari na nguo wala vyakula. Macho yako kwenye mkono unaochora, na kesho yake utayakuta maua yale yale nyuma ya daftari lake la hesabu. Kuna mtoto anayekwenda maulidini akamkazia macho mpiga dufu, vidole vyake vikimfuatisha juu ya goti. Kuna anayezijua matatu zote za njia yake kwa michoro iliyo ubavuni, akakueleza ni ipi iliyopakwa rangi upya na ni wapi mchoraji aliharakisha.

Jambo linalostahili kuandikwa ni lile analolirudia hata anapokosea. Mtoto aliyefeli kitu mara tatu, akajaribu ya nne bila kuambiwa, amekwisha kukueleza mengi. Tofautisha pia kutazama na kutenda: anayeshinda mbele ya televisheni akitazama mpira huenda anapenda hadithi ya mechi, majina ya wachezaji na hesabu za msimamo wa ligi, na akipelekwa kiwanjani akachoka katika dakika ya kumi. Huyo pengine ni mtangazaji au mwandishi, wala hakudanganya aliposema anapenda mpira.

Hatua ya 2: Uliza swali analoweza kulijibu

Ukimwuliza mtoto wa miaka tisa, "Ungependa kufanya nini?", utajibiwa "Sijui" au "Chochote." Swali ni kubwa kumzidi. Uliza jambo dogo lililotokea leo. Ni lini hukutaka muda uishe? Ni wapi ulitamani niwe nimekuja kukuchukua mapema? Ukipata jibu, usikimbilie kulitatua. Uliza tena kidogo.

Mazungumzo ya namna hii huokoa mengi:

"Mbona Jumamosi hukutaka kwenda mpirani?"

"Sitaki tena, mama."

"Mpira wenyewe ndio hutaki?"

"Mpira nautaka. Nawekwa golini kila siku. Mimi nataka kukimbia."

Mama asiyeuliza swali la pili angemtoa mtoto mpirani na kumpeleka kwenye chesi, akidhani amemsikiliza. Mtoto huyu hataki kuacha mchezo. Anataka mtu mzima azungumze na kocha ili naye apewe nafasi ya mbele katika mazoezi.

Lengo la hatua hii ni kulifikia lile lililo ndani ya shughuli. Je, anapenda kushindana? Kuwa na wenzake? Kutengeneza kitu kwa mkono? Kusimama mbele za watu? Kuwa peke yake akatulia? Ukilijua hilo, milango inaongezeka na gharama zinapungua. Anayependa kusimama mbele za watu anaweza kuwa mwigizaji, mghani wa mashairi, msomaji wa Qurani kwa tajwidi, mjadili wa shule au mshereheshaji wa hafla za darasa, na mengi ya hayo hayadai ada.

Wazazi wengi hukasirika mtoto anaposema amechagua karate kwa sababu rafiki yake yuko huko. Mimi siioni kuwa sababu mbaya. Kwa mtoto wa miaka minane, rafiki ni sababu ya kutosha ya kuanza. Kinachotakiwa ni kumtazama tena siku rafiki asipokuja.

Hatua ya 3: Mwonyeshe, ndipo achague

Mtoto hawezi kuchagua asichokijua. Mtoto aliyewahi kuona mpira na kwaya pekee atachagua baina ya mpira na kwaya, kisha tuseme tumempa uhuru. Tumieni Jumamosi kadhaa kuzunguka, na huko hamhitaji pesa nyingi.

Mpelekeni Mbaraki akaone Bandari FC wakicheza au wakifanya mazoezi, awaone watu wazima wakirudia pasi moja mara nyingi kupita kiasi, ajue kuwa mpira si magoli matupu. Pitieni Changamwe kwenye chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, asimame karibu na mtu anayetoa umbo la twiga kutoka kwenye gogo. Swahilipot Hub, iliyo upande wa Fort Jesus, ni kituo cha vijana cha teknolojia na sanaa, na mtoto wa miaka kumi na mbili hivi anayependa kompyuta au jukwaa atafaidika kwa kuwaona tu waliomtangulia. Fort Jesus yenyewe, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, huwaamsha watoto wanaopenda historia na hata wanaopenda kuchora, maana pembe za kuta zake ni somo la kutosha la penseli. Maktaba ya taifa iliyo hapa mjini isisahaulike. Na kama ukoo wenu una fundi wa jahazi, msusi, mpiga udi au mpishi wa shughuli, huyo naye ni mahali pa kwenda.

Katika ziara hizi funga mdomo. Ukisema "Angalia hiki kilivyo kizuri!" kila mnapofika, mtoto atachagua anachoona kitakufurahisha wewe.

Hatua ya 4: Chora wiki nzima kwenye karatasi

Hapa ndipo chaguo nyingi nzuri hufia, na ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi.

Chukua karatasi, ugawe siku saba, uandike kwanza vilivyokwishakuwepo: shule, chuo (madrasa ya Qurani), kanisa, tuisheni, kazi za nyumbani, safari za kwenda na kurudi, kula, kulala. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kila usiku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Andika usingizi kwa wino, mengine kwa penseli. Nafasi inayobaki ndiyo mnayogombania, na mara nyingi mzazi hushtuka kuona ilivyo ndogo.

Hesabu safari kwa ukweli. Jua la Mombasa huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu utakaokupa jioni ndefu. Mazoezi yakiisha saa 12 kamili kule Tononoka, kisiwani, mtoto wa Likoni bado ana matatu ya kwenda feri, msongamano wa kusubiri, kuvuka, na matatu ya pili upande wa pili. Feri haimtozi abiria wa miguu, lakini humtoza muda, na jioni ndiyo saa ambayo mji mzima unavuka. Atafika nyumbani adhana ya Isha imeshapita, hajala, hajagusa kazi ya shule. Mtoto wa Likoni apate kiwanja cha Likoni, hata kama timu ya kisiwani ina jina kubwa zaidi. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewaona watoto wenye vipaji wakichoshwa na barabara kabla ya kuchoshwa na mchezo.

Chuo ni jambo la pili. Watoto wetu wengi wakitoka shule huingia chuoni mpaka Magharibi, na asubuhi za Jumamosi na Jumapili pia. Mzazi anayemtoa mtoto chuoni kimya kimya ili aende mazoezi anamfundisha kudanganya, na maalim atajua tu. Nenda ukaongee naye ana kwa ana: "Maalim, mwanangu anapenda kuogelea, na mafunzo ni Jumanne na Alhamisi. Nifanye vipi asikose sabaki yake?" Maalim wengi nilioongea nao hupanga, maana wanapendelea mtoto anayekosa siku moja kwa ruhusa kuliko yule anayesinzia siku zote sita. Mwezi wa Ramadhani upangieni ratiba yake: mazoezi mepesi kabla ya kufuturu, au baada ya tarawehe kwa walio wakubwa, au mapumziko kamili. Mwulize kocha mapema analolifanya. Asiye na jibu hajawahi kufikiria watoto wanaofunga.

Mtoto mmoja, shughuli moja ya mwili na moja ya mkono au akili: zaidi ya hapo sishauri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 za kutumia nguvu kila siku, lakini dakika hizo hazilazimu klabu. Kukimbizana uani na kurudi shule kwa miguu huhesabiwa. Acheni jioni moja kwa wiki isiyo na kitu chochote kabisa. Wazazi huiona jioni hiyo kama hasara, ilhali Sheria ya Watoto ya 2022 ya nchi yetu inatambua kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto.

Halafu hali ya hewa. Kuanzia Januari hadi Machi joto letu ni kali, na mazoezi ya saa 9 alasiri kwenye kiwanja kisicho na mti ni hatari. Yasogezwe yaanze saa 10 na nusu, na kila mtoto aje na chupa yake ya maji. Masika ya Aprili na Mei hugeuza viwanja vya udongo kuwa madimbwi, basi mjue mapema kama kuna ukumbi wa kukimbilia.

Hatua ya 5: Sema bei yote, na uiseme mbele ya mtoto

Ada inayotangazwa huwa sehemu ndogo. Uliza kuhusu jezi, daluga, nauli, chakula cha siku ya mashindano, safari za nje ya kaunti, vyeti na ada za mikanda kwa karate na taekwondo. Jumlisha kwa muhula mmoja. Kisha mwambie mtoto kiasi kilichopo. Watoto huelewa "Tuna kiasi hiki kwa muhula huu, tukipangie pamoja" vizuri zaidi kuliko wanavyoelewa "Pesa hakuna", neno ambalo jioni ile ile hukanushwa na mfuko wa vibanzi na soda.

Usilipe mwaka mzima. Usinunue vifaa vipya mwezi wa kwanza. Daluga za mitumba za soko la Kongowea zinatosha kabisa kwa miguu inayokua. Chombo cha muziki kiazimwe au kikodishwe kwanza. Na mkisha kununua, kifaa kisigeuzwe kuwa deni la kumkumbushia mtoto kila anapochoka.

Hatua ya 6: Mkague kocha kama unayemkabidhi nyumba

Nenda mwenyewe, bila kutangaza, ukae pembeni ya mazoezi mawili. Usitazame anavyowafundisha wenye kipaji. Mtazame anavyomwambia mtoto aliyekosea. Kocha anayetukana, anayepiga, au anayewachekesha wengine kwa kosa la mmoja, huyo achana naye hata kama ana makombe kabati zima.

Kisha uliza bila haya. Ni nani mwingine mtu mzima anayekuwepo? Ana cheti cha tabia njema kutoka polisi? Watoto wanabadilishia nguo wapi, na nani anaingia humo? Safari za mashindano wanalala wapi, wasichana wana msimamizi wa kike? Mtoto akiumia anapelekwa wapi na nani anapigiwa simu? Kocha mzuri hachukii maswali haya. Atafurahi kuona mtoto ana mwenyewe.

Weka kanuni chache nyumbani, uziseme kwa upole na uzirudie. Hakuna mazoezi ya faragha ya mtoto mmoja na mtu mzima mmoja mahali pasipoonekana. Hakuna ujumbe wa simu wa siri kati ya kocha na mtoto. Ujumbe wote upitie kwa mzazi au kwenye kundi la wazazi. Hakuna zawadi isiyojulikana nyumbani. Mwambie mtoto, kwa maneno mepesi, kwamba mtu yeyote akimgusa au kumwambia jambo linalomtia wasiwasi, aje aseme, na hatagombezwa hata kama alikuwa amevunja kanuni. Hilo la mwisho ndilo linalofungua midomo ya watoto. Namba 116 ni ya bure, hupokelewa saa 24 kote Kenya kwa masuala ya watoto; mtoto aijue kichwani.

Mjulishe kocha hali ya afya ya mtoto kwa maandishi. Mwenye pumu awe na inhela yake kwenye mkoba, na kocha ajue ilipo. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nyingi hapa Pwani, na mtoto mwenye selimundu si wa kufungiwa ndani: anaweza kucheza, mradi anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka bila kuitwa mvivu, asilazimishwe mbio za kushindana hadi kuishiwa pumzi, na asikae kwenye maji baridi kwa muda mrefu. Ongea kwanza na kliniki anakohudhuria, ndipo umchagulie kiwango pamoja nao.

Hatua ya 7: Akichagua maji

Nimeipa bahari hatua yake kwa kuwa tunaishi kando ya bahari na bado watu wazima wengi hapa hawajui kuogelea. Mtoto wako akiomba kuogelea, mkubalie haraka. Hili ni chaguo ambalo huenda likamwokoa yeye au mwenzake.

Aanzie kwenye kidimbwi cha kuogelea, si baharini. Hoteli kadhaa za Nyali, Bamburi na Shanzu hupokea watu wa nje kwa ada ya siku, na baadhi zina walimu. Somo la kwanza liwe kuelea chali na kupumua, kabla ya mtindo wowote wa kuogelea. Mwalimu anayeanza na mbio, mwulize kwa nini.

Akishaweza kuelea, ndipo bahari. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kati ya kujaa na kupwa, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo darasa la kila Jumamosi saa 4 asubuhi litakuta maji tofauti kila wiki, na mwalimu wa bahari ambaye hapangi ratiba yake kwa maji haijui bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa kimo kikubwa zaidi. Yanapotoka, hupita kwenye mianya ya mwamba kwa nguvu inayomshinda mtu mzima. Siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, ni tulivu zaidi kwa wanaoanza. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, mawimbi na mikondo huwa mikali, ilhali wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, kwa kawaida bahari huwa shwari zaidi. Waulize wavuvi wa ufuo husika. Wanajua kila mwanya, na watakuambia bure.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Husimama wima majini, kichwa nyuma, mdomo ukiingia na kutoka kwenye maji, kimya. Basi kila kundi la watoto liwe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama pekee, bila simu na bila soga. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi siku za sikukuu hujaa watu kiasi kwamba mtoto hupotea machoni kwa kufumba na kufumbua. Siku hizo msifanye mafunzo. Na karibu na feri au bandarini Kilindini, mtoto asiingie majini kabisa.

Hatua ya 8: Kubalianeni kuhusu muda

Kabla ya siku ya kwanza, mkae mseme: tutakwenda mpaka muhula uishe, kisha tutaongea. Muhula mmoja ni mrefu kiasi cha kuupita ugeni na uchovu wa mwanzo, na mfupi kiasi cha mtoto kuuona mwisho wake. Mtoto aandike mwenyewe mambo mawili atakayofanya, kama kuosha jezi na kufunga mkoba usiku wa kuamkia mazoezi. Mzazi aandike mawili yake, kama kulipa kwa wakati na kufika kumchukua bila kuchelewa. Karatasi ibandikwe kwenye mlango wa friji au kabatini. Makubaliano haya yanavunjwa mara moja bila mjadala kwa sababu mbili tu: usalama na afya.

Hatua ya 9: Nyumba nzima inapokuwa na neno

Mtoto wa Pwani halelewi na watu wawili. Kuna bibi, kuna mjomba, kuna ami, na kila mmoja ana haki ya kusema. Usiwapite. Mpinzani mkubwa mara nyingi ni yule ambaye hakuambiwa.

Binti anapochagua mpira, utasikia hivi:

"Msichana na mpira wapi na wapi, mwanangu? Samaki mkunje angali mbichi."

"Mama, twende naye Jumamosi ukaone mwenyewe. Kiwanja kina ukuta, kocha ni mwanamke, na atavaa suruali ndefu na hijabu."

"Na akirudi usiku?"

"Yanaisha saa kumi na moja. Nitakwenda kumchukua mimi."

Bibi anayeogopa usiku ameuliza swali la haki na anastahili jibu lenye saa ndani yake. Mpe nafasi: awe ndiye anayeulizwa habari za mazoezi, au anayebariki safari ya mashindano. Na kama kuna mtu atakayedai kuwa hijabu hairuhusiwi mchezoni, mwambie kwamba sheria za mpira wa miguu duniani ziliiruhusu mwaka 2014, na mpira wa kikapu mwaka 2017. Kwa kuogelea, tafuteni vazi jepesi la kufunika mwili lililoshonwa kwa kitambaa cha majini. Buibui au dera majini huvuta mtoto chini.

Mvulana anayechagua upishi, ushonaji au kuchora hina hupata maneno makali zaidi, mengi yake kutoka kwa wanaume wa nyumbani. Hapo baba ndiye wa kusimama. Neno moja la baba, "Huyu ni mwanangu na mimi nimemruhusu", linamkinga mtoto kwa miezi.

Hofu nyingine ni ya masomo. Kwa hili mfumo wenyewe umebadilika. Mtoto akimaliza gredi ya 9 anaingia sekondari ya juu, ambayo kundi lake la kwanza lilianza gredi ya 10 Januari 2026, na huko kuna njia tatu: ya kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; ya pili ni Sayansi ya Jamii; na ya tatu ni Sanaa na Michezo. Anayeimba, anayechora na anayekimbia sasa ana njia inayotambuliwa rasmi. Lakini naomba tusilikimbize hili. Mtoto wa miaka kumi anayepiga dufu halazimiki kuwa mwanamuziki ili dufu lake liwe na maana. Kupenda kunatosha kuwa sababu.

Hatua ya 10: Siku ya mashindano

Fika, kaa, shangilia timu yote. Usimfundishe kutoka pembeni, kocha yupo. Usibishane na mwamuzi mbele ya watoto. Mkirudi kwenye tuktuk, usiichambue mechi. Mwulize kama ana njaa. Atakapotaka kuongea juu ya lile goli alilolikosa, ataanza mwenyewe, na mara nyingi ni usiku taa ikishazimwa.

Siku usiyoweza kufika, mwambie mapema kuwa hutakuja. Mtoto anayejua hutakuja hucheza. Anayekutafuta kwa macho hachezi.

Hatua ya 11: Anapotaka kuacha

Kwanza tafuta kinachomkimbiza. Mabadiliko ya ghafla, mtoto aliyekuwa akingoja Jumamosi na sasa hataki hata kupita karibu na kiwanja, yachukue kwa uzito: mtu amemuumiza, amemdhihaki au amemtisha. Usimlazimishe arudi kabla hujajua. Uchovu unaokuja polepole ni kitu kingine. Pengine anahitaji wiki mbili za kupumzika na kulala, na hamu itarudi.

Kama ni kuchoka na shughuli yenyewe, rudini kwenye makubaliano, amalize muhula. Usimwite mshindwa wala usihesabu pesa mbele yake. Alipochagua kuanza mlimsikiliza, na anapochagua kuacha anastahili kusikilizwa vile vile. Amejua sasa kwamba hapendi hiki, na akiwa na miaka kumi na moja hilo ni elimu ya maana.

Aondoke kwa adabu. Aifue jezi, airudishe mwenyewe, amwambie kocha kwa kinywa chake: "Kocha, ahsante, muhula ujao sitaendelea." Wewe simama hatua chache nyuma, uwepo bila kumsemea. Awaage wenzake, ambao ataendelea kuwaona mtaani. Daluga zikiwa bado nzima, ampe binamu yake mdogo ambaye zinamtosha, au ziuzwe na pesa ziwekwe kwenye bahasha ya shughuli inayofuata. Usimpangie mpya wiki ile ile. Zikipita wiki kadhaa, anza tena kumtazama, kimya, kama ulivyofanya mwanzo.